Maswali ya Wasomaji: Kishale Kimesimama, Merikebu Iko Wapi?

Tangu toleo lililopita nilipogusia merikebu kubwa za matanga, barua zimekuwa za jambo moja: namna ya kuzifuatilia kwenye ramani za simu. Nimezisoma zote. Zinazofanana nimeziunganisha, na ndefu nimezipunguza. Nyie mnaoniita "Nahodha", ahsanteni kwa kunipandisha cheo, lakini sijawahi kuwa nahodha hata siku moja. Niliishia afisa wa pili, yaani mtu wa ramani na dira. Kabla ya hapo nilikuwa baharia mwanafunzi kwenye merikebu ya milingoti mitatu, nikipanda foromali, zile boriti za kutundikia matanga, huku magoti yakigongana.

*Shikamoo mzee. Binti yangu ana miaka 19, yuko kwenye merikebu ya mafunzo inayovuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari kwenda Karibi. Siku mbili za kwanza nilikuwa naiona kwenye simu, kishale kinasogea vizuri. Leo ni siku ya tano kishale kimesimama pale pale baharini na kimegeuka rangi ya kijivu. Baba yake ananiambia niache kutazama simu nilale. Naomba uniambie ukweli, wamezama?* (Mama wa Baharia)

Marahaba, mama. Nianze na hilo la kuzama ili upate kupumua: kishale kusimama hakuna maana hiyo. Kile unachokitazama si merikebu. Ni neno la mwisho la merikebu ambalo mtu wa nchi kavu alilisikia. Baada ya hapo hakuna aliyesikia tena, basi ramani ikakiacha kishale mahali pake kama msomaji aliyeweka kidole kwenye ukurasa. Merikebu yenyewe haijanyamaza. Inajitaja hata sasa hivi, ila imetoka kwenye masikio.

Kinachojitaja ni kifaa cha darajani, chumba cha kuongozea chombo, kiitwacho AIS. Kinachukua mahali na kasi kutoka GPS na kuvitoa hewani kwa redio ya VHF, kwenye masafa mawili tu duniani kote: megahezi 161.975 na 162.025. Meli kubwa ikiwa mwendoni, kinasema kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Ikitia nanga, kila dakika 3. Hakikuwekwa kwa ajili ya sisi tunaokodolea simu macho. Kiliwekwa ili meli zisigongane usiku na kwenye ukungu. Mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliwalazimisha wenye meli za tani jumla 300 na zaidi zinazokwenda nchi za nje, na meli za abiria za ukubwa wowote, wawe wamekifunga kufikia tarehe 31 Desemba 2004. Kwa kazi ya kutogongana, kusikika maili 20 kunatosha kabisa.

Shida ni kwamba mawimbi ya VHF hayajipindi na mviringo wa dunia. Yanakwenda mbele, yanavuka upeo wa macho kidogo, yanapotelea angani. Chukua kalamu. Tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, kisha zidisha kwa 2.2, utapata maili za baharini. Antena iliyo mita 30 juu ya maji inafika maili 12. Antena ya kituo cha pwani iliyo mita 100 juu inafika maili 22. Zijumlishe: maili 34. Visiwa vya Kanari vina milima, kwa hiyo kituo kikiwa juu kinasikia mbali zaidi, na ndiyo sababu uliiona merikebu siku zile mbili ilipokuwa bado inapita karibu na visiwa. Lakini kutoka pale hadi Karibi ni kama maili 2,700, na katikati hakuna mlima wa kusikilizia. Ikienda mafundo 6 kwa wastani, yaani maili 6 kwa saa, inapiga maili 144 kwa siku, hivyo itachukua karibu siku 19. Kwa sehemu kubwa ya siku hizo, kuipoteza kwenye ramani ya bure ni jambo la kutarajiwa.

Utaniuliza, setilaiti je? Zipo. Norwe kwa mfano ilirusha AISSat-1 mwaka 2010, na tangu hapo zimeongezeka nyingi. Ila setilaiti nayo ina mushkeli wake. AIS inagawa kila dakika moja kwenye kila masafa kuwa vipande 2,250, na meli zinazosikiana zinapeana zamu kwa adabu kwenye vipande hivyo. Setilaiti iko juu sana, inasikia kwa mkupuo meli za eneo lenye upana wa maelfu ya kilomita, meli ambazo zenyewe hazisikiani na hivyo zimechagua vipande vile vile. Panapojaa meli ni kelele za sokoni. Katikati ya bahari, ambako meli ni chache, inasikia vizuri zaidi. Habari njema kwako, isipokuwa wenye ramani nyingi hutoa bure zile habari za pwani na kuuza zile za setilaiti. Kishale chako cha kijivu, kwa mtu anayelipia, huenda ni cha kijani na kiko mbali huko magharibi.

Fanya hivi. Kwanza, bonyeza kishale utazame saa ya taarifa ya mwisho kabla hujatazama mahali kilipo. Hilo ndilo jambo la kwanza daima, na ndilo watu wanaloliruka. Saa hiyo mara nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, siyo saa ya ukutani kwako. Ukisoma 14:20 usidhani ni saa nane na dakika ishirini mchana wa hapo ulipo. Pili, acha ramani ya meli zote, tafuta ukurasa wa merikebu yenyewe. Nyingi za mafunzo hubeba kifaa kingine kidogo kinachotuma mahali pao kwa setilaiti mara chache kwa siku, bila kutegemea VHF, na nyingine huandika mahali zilipo kila adhuhuri. Tatu, piga simu ofisi ya wenye merikebu. Usione haya. Wewe si mama wa kwanza kuwapigia wiki hii.

Kuhusu hofu yenyewe, sitakuficha. Merikebu ikipatwa na balaa, haijulikani kwa kishale kusimama. Inajulikana kwa kifaa kingine kabisa, boya la redio linaloitwa EPIRB, ambalo huelea lenyewe chombo kikizama na kupiga kelele kwa megahezi 406 hadi kwenye setilaiti za uokoaji. Februari 2010 merikebu ya shule ya Kanada, Concordia, ilipinduliwa na upepo mbali na pwani ya Brazili. Hakuna aliyepata nafasi ya kushika redio. Boya lao ndilo lililosema. Walikaa kwenye maboti ya mpira karibu siku mbili, ambazo ni nyingi mno, lakini wote 64 walichukuliwa wakiwa hai na meli za mizigo. Boya la merikebu ya binti yako likilia, ofisi itajua kabla ya ramani yoyote.

Mama yangu mimi hakuwa na kishale. Alikuwa na atlasi ya shule na pini moja ya cherehani. Kila Jumapili aliisogeza merikebu yetu upana wa kidole, kusini kidogo, mashariki kidogo, kwa kukadiria tu. Niliporudi baada ya miezi saba nikaikuta atlasi bado imefunguliwa mezani. Pini ilikuwa katikati ya jangwa la Sahara.

*Mzee, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kuna merikebu moja ya milingoti minne naifuata. Njia yake ni ya kikombokombo, inakwenda kaskazini, inarudi kusini, siku tatu haijasogea hata robo ya njia. Rafiki yangu anasema nahodha amelewa.*

Mwambie rafiki yako nahodha yuko timamu kuliko yeye. Unachokiona ni kupiga bisho, yaani kwenda kwa kukata huku na huku. Upepo unatoka kule kule wanakotaka kwenda, na hakuna tanga linalokwenda upepo wa omo (omo ni pua ya chombo) moja kwa moja.

Dira ya kale imegawanywa sehemu 32, kila sehemu digrii 11 na robo. Merikebu ya matanga ya mraba haiwezi kuusogelea upepo zaidi ya sehemu sita hivi, yaani digrii 67 na nusu, kwa sababu foromali zinagonga kamba za mlingoti kabla hazijazunguka zaidi. Jahazi dogo la kisasa la mashindano linafika digrii 45. Sasa wewe ni wa kidato cha tatu, kosaini unaijua: kupata maili 100 dhidi ya upepo, jahazi hilo litasafiri maili 141. Merikebu yako itasafiri maili 261. Na hapo sijahesabu kusukumwa pembeni, ambako kunaweza kula hata hicho kidogo ilichokipata. Nimewahi kuamka zamu ya alfajiri nikakuta mnara wa taa ule ule tuliouona jana yake, upande ule ule. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alituambia tuusalimie.

Kuna kitu kizuri unaweza kukitazama. Kwenye habari za chombo kuna pembe mbili: upande ambao omo inaelekea, na upande ambao chombo kinakwenda kweli juu ya dunia. Kwenye meli ya injini pembe hizo karibu zinafanana. Kwenye merikebu yenye upepo wa ubavuni utakuta omo inaelekea 250 na njia ni 240. Hizo digrii 10 ni upepo na mkondo wa maji vikiisukuma pembeni. Kaa nazo siku nzima uone zinavyopanda na kushuka. Utajifunza bahari kuliko kwa kutazama mstari. Ukikuta upande wa omo umeandikwa 511, usishangae, hiyo ni namna ya kifaa kusema hakina habari hiyo.

Ndiyo maana pia merikebu zinazotoka Ulaya kwenda Rasi ya Tumaini Jema huonekana zinaelekea karibu na Brazili kwanza. Ukitazama ramani bila kujua pepo, utasema zimepotea. Njia ndefu ndiyo yenye upepo.

Tazama vilevile hali ya safari iliyoandikwa. AIS ina namba 0 kwa chombo kinachokwenda kwa injini na namba 8 kwa kinachokwenda kwa matanga. Namba hiyo hubadilishwa kwa mkono na afisa wa zamu, na afisa wa zamu ana mambo mengine. Ukiona "kwa matanga" na njia imenyooka kama rula dhidi ya upepo, injini inanguruma huko chini.

*Ndugu, nimeandika jina la merikebu nikaletewa meli ya mafuta, boti ya kuvuta na yoti tatu. Nitajuaje ipi ni ipi?*

Usitafute kwa jina. Majina ni ya kurithiana na ya kubadilishwa. Sedov ya Urusi ilianza maisha mwaka 1921 ikiitwa Magdalene Vinnen. Kruzenshtern ilikuwa Padua mwaka 1926. Statsraad Lehmkuhl ya Norwe ilijengwa Ujerumani mwaka 1914 ikiitwa Grossherzog Friedrich August, na Eagle ya walinzi wa pwani wa Marekani ilikuwa Horst Wessel mwaka 1936. Vita vikiisha, merikebu hubadilisha bendera na jina, mbao na chuma ni vile vile.

Tafuta namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, yenye tarakimu saba. Hiyo hupewa chombo na hukaa nacho hadi kinapokatwa vyuma, kiuzwe mara ngapi. Namba nyingine, MMSI, ina tarakimu tisa na ndiyo redio inayoitumia. Tarakimu tatu za mwanzo mara nyingi huonyesha nchi ya bendera, kwa hiyo bendera ikibadilika nayo hubadilika.

Namba ya IMO ina ujanja nilioupenda tangu siku ya kwanza. Chukua 9074729. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio: 63, 0, 35, 16, 21, 4. Jumla ni 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, sawa na ya mwisho ya namba. Isipolingana, kuna aliyekosea kuandika, au anayedanganya. Vyombo vidogo vya matanga vinaweza visiwe na IMO. Kwa hivyo tumia MMSI, na hakiki kwa urefu na aina ya chombo. Kwenye AIS chombo cha matanga ni aina ya 36.

*Mzee wangu, mwaka 2023 nilianza kuifuata Amerigo Vespucci ya Italia ilipotoka Genova kuzunguka dunia. Siku nyingine ipo, siku nyingine haipo kabisa, hata ikiwa karibu na pwani yenye vituo. Kifaa chake ni kibovu?*

Hapana, ni haki yake. Ni merikebu ya jeshi la wanamaji, na kanuni ya AIS haizibani meli za kivita hata kama silaha yake kubwa ni rangi na vyuma vilivyong'arishwa. Inawasha ikitaka, na kwenye njia zenye msongamano huwa inafaa kuwasha. Iliondoka tarehe 1 Julai 2023 na kurudi Genova Juni 2025. Wale tuliotaka kuiona kila siku tulitazama habari za bandari. Gorch Fock ya Ujerumani na Esmeralda ya Chile ni hivyo hivyo.

*Ramani inasema merikebu inakwenda bandari iliyotoka, na ilitarajiwa kufika wiki iliyopita.*

Kosa la mtu kama mimi. Mahali inapokwenda huandikwa kwa mkono, herufi 20 tu, na saa ya kufika huandikwa mwezi, siku, saa na dakika, bila mwaka. Mashine haihakiki. Mimi niliwahi kung'oa nanga nikasahau kubadilisha, na kwa siku tisa dunia nzima ikaambiwa tunaelekea tulikotoka. Aliyegundua hakuwa nahodha, alikuwa afisa wa meli iliyotupita, akaniita kwenye redio kuniuliza kwa upole kama tumesahau kitu nyumbani. Kasi na mahali kwa kawaida viamini, vinatoka kwenye vyombo. Kilichoandikwa na kidole cha binadamu kitilie shaka.

*Nimeona merikebu iko nchi kavu, katikati ya uwanja wa ndege.*

Kama ni moja tu, huenda ni hitilafu ya kifaa chake. Kama zimejazana nyingi mahali pamoja, kuna mtu anachafua GPS eneo hilo, na meli zinarudia uongo zinaoupokea bila kujua. Upo pia uongo wa kutungwa moja kwa moja: Juni 2021 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Defender, ilionyeshwa karibu na Sevastopol usiku ambao kamera za bandari zilikuwa zinaionyesha imefungwa gatini kwenye bandari nyingine, Odesa. Kamera ya bandari ni shahidi mzuri, nazipenda sana.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mtu mzima wa miaka 71. Vijana wanalalamika kukosa habari siku tano. Tukumbushe, zamani familia zilijuaje merikebu iko wapi?*

Kwa sehemu kubwa hawakujua, ndugu yangu, na walio chomboni nao walijua kwa kukisia. Kasi ilipimwa kwa batli: ubao umefungwa kamba yenye mafundo, unatupwa shetri, nyuma ya chombo, baharia anahesabu mafundo yanayompita mkononi huku kijana ameshika kichupa cha mchanga. Mchanga wa sekunde 28, na kati ya fundo na fundo futi 47 na inchi 3. Ukifanya hesabu, fundo moja linakuwa maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Hadi leo tunasema mafundo ingawa hakuna tena kamba. Kasi mara muda, na mwelekeo wa dira, unachora mstari kwenye ramani na kuomba Mungu.

Adhuhuri unapima jua, unapata latitudo kwa uhakika mzuri. Longitudo ilitaka saa sahihi. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo saa ikikosea dakika moja, kwenye ikweta umekosea maili 15. Nilipokuwa mwanafunzi tuliambiwa saa ya merikebu haiguswi na mtu asiyeipenda, na aliyeijaza ufunguo kila asubuhi alikuwa mmoja tu, kwa wakati ule ule, hata awe mgonjwa.

Nchi kavu walisubiri mashahidi. Merikebu mbili zikikutana zilipandisha bendera za ishara kutajana majina, na ile iliyotangulia bandarini iliripoti: tuliiona fulani, latitudo kadha, longitudo kadha, wote wazima. Habari hizo zilichapwa. Gazeti la Lloyd's List lilianza kuandika mienendo ya meli mwaka 1734. Mke wa baharia angeweza kusoma kwamba mume wake alionekana mahali fulani wiki sita zilizopita. Ukiniuliza, kishale cha kijivu na mstari ule wa gazeti ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba gazeti halikumdanganya mtu kuwa ni habari ya sasa.

Redio ilipokuja, watu walidhani kazi imekwisha. Tarehe 14 Desemba 1928 merikebu ya Denmark yenye milingoti mitano, København, ilitoka mto Plate, Amerika Kusini, kwenda Australia na vijana wanaojifunza ubaharia. Redio ilikuwa nayo. Wiki moja hivi baadaye ilizungumza na meli ya mvuke ya Norwe, mambo shwari. Hakuna aliyesikia neno jingine. Walianza kuitafuta wamechelewa, kwa sababu ukimya wa wiki kadhaa katika bahari ya kusini ulikuwa jambo la kawaida, na merikebu za wakati ule mara nyingi zilikaa kimya kwa kupenda. Hadi leo haijapatikana. Mimi na wenzangu tulisimuliwa kisa hicho usiku wa kwanza kazini na mzee mmoja aliyekuwa akishona tanga. Hakutueleza kwa nini anatusimulia.

*Shikamoo babu. Nina miaka 12. Naweza kusikia meli mimi mwenyewe bila kutumia ramani ya watu?*

Marahaba mjukuu wangu, na swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote. Unaweza, kama unaishi maili chache kutoka maji yanayopita meli. Unahitaji kompyuta, kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye tundu la USB, programu ya bure ya kufasiri AIS, na antena. Antena utaitengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba. Wimbi la megahezi 162 lina urefu wa mita 1.85, na antena nyepesi kabisa ni robo yake: sentimita 46. (Maili ya baharini ni kilomita 1.85. Ni sadfa tu, haina maana yoyote, lakini mimi ilinisaidia kukumbuka.)

Isimamishe waya wima, si kulala. Waya wa kuunganisha na kompyuta uwe mfupi, maana nguvu inapotelea humo. Na kumbuka hesabu niliyompa Mama wa Baharia: ukiwa mita 4 juu ya maji unasikia maili 4 na kitu, kisha jumlisha maili za antena ya merikebu yenyewe. Ukipanda hadi mita 16 unaongeza mara mbili. Urefu ndio kila kitu. Kipokezi cha kawaida juu ya paa kinakishinda kipokezi kizuri chini ya kitanda.

Ukishasikia meli ya kwanza, kuna mitandao inayopokea taarifa kutoka kwa watu kama wewe na kuzichanganya kuwa ramani hizi tunazozitazama. Vile vishale vingi vya pwani vinatoka kwenye nyumba za watu wa kujitolea. Huenda siku moja mama fulani akaiona merikebu ya mwanawe kwa sababu ya waya wako wa sentimita 46.

Ila kabla hujapanda paani na waya, mwambie mtu mzima akushikie ngazi. Mimi nilipanda bila kusema, na kovu liko hapa kidevuni.